Wageni Waliochuma Chai ya Gidion

Ushirika wa kanisa wa Masukulu ulipotangaziwa kwamba wazungu wawili, mume na mke, wanakuja kwa likizo ya kufanya kazi, watu walicheka kanisani. Likizo ya kufanya kazi! Nusu ya wanaume waliokuwa kwenye mabenchi yale walipewa likizo isiyo na mwisho miaka miwili iliyopita, kiwanda cha chai kilipouzwa kwa kampuni mpya, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kupumzika. Hosea, katibu wa ushirika, alisubiri kicheko kiishe. Akaeleza kwamba wageni watakaa wiki sita katika nyumba ya mkulima wa kawaida, watakula anachokula, watashika jembe analoshika, kisha warudi kwao wakawasimulie ndugu na marafiki. Halafu akamtaja huyo mkulima. Ni Gidion.

Gidion alikuwa ameambiwa asubuhi ileile, mlangoni mwa kanisa. Mtu anamkataliaje katibu mlangoni mwa kanisa?

"Mtaniaibisha," mkewe Atupakisye alisema njiani, akitembea haraka mbele yake. "Watalala wapi? Kwenye kile kitanda chenye mguu wa tofali?"

"Tutaweka mguu."

"Na choo?"

"Tutachimba kingine."

"Kwa fedha ipi, baba Amoni?"

Gidion aliongeza mwendo amfikie. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na miaka ishirini kati ya hiyo aliimaliza kwenye mashine ya kukaushia majani kule kiwandani. Alipopunguzwa kazi alipewa barua na bahasha ya fedha, na bahasha iliisha kabla barua haijakunjika vizuri mfukoni. Kilichobaki ni nusu ekari ya chai aliyoipanda mwenyewe mteremkoni nyuma ya nyumba, pamoja na kadi. Kampuni mpya haikununua majani kwa kila mtu kama ilivyokuwa zamani. Ilinunua kwa mwenye kadi tu, na mwenye kadi alitakiwa kuleta majani mawili na ncha yake, laini, yasiyoungua. Ukirudishiwa mzigo mara tatu katika msimu mmoja, kadi inachukuliwa. Kwa nyumba ya Gidion, kadi ile ndiyo ilikuwa chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na vidonge vya presha vya mama yake, Bibi Tusekile, ambavyo havikuweza kukosekana hata mwezi mmoja. Hakukuwa na kitu kingine. Ndizi zilikuwepo, lakini huko Rungwe nani anunue ndizi zako wakati anazo zake?

Kwa hiyo choo kilichimbwa. Gidion alichimba mwenyewe siku nne, na bati la paa la choo lilitolewa juu ya banda la ng'ombe. Ng'ombe akawa analowa.

*

Wageni waliitwa Henrik na Margit. Walikuwa watu wema, na hili lisemwe mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mbaya. Walikuwa walimu, weupe wa nywele, wamejifunza Kiswahili miezi mitatu jioni jioni kwao huko, na walikisema kwa uangalifu mkubwa. Siku ya kwanza tu Margit aliketi jikoni kwenye kigoda, moshi ukimtoa machozi, akamenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu.

"Mama Atupakisye, usitufanye wageni," alisema. "Sisi tumekuja kufanya kazi."

"Ndaga fijo," alijibu Atupakisye, na kumshukuru kwake kulikuwa kwa kweli. Alimpenda yule mama tangu siku ile, na ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma zaidi.

Usiku familia ililala jikoni. Kitanda, godoro na blanketi nene vilikuwa kwa wageni, na baridi ya Julai huko Tukuyu haina mchezo. Bibi Tusekile alikohoa hadi alfajiri. Margit alipouliza kikohozi ni cha nini, Gidion alisema ni uzee.

Siku ya tatu, wakati wa chakula, Henrik aliuliza kama fedha wanayolipa kwa siku inatosha chakula. Akataja kiasi. Alikitaja kwa sauti ya kawaida, akidhani ni jambo linalojulikana. Gidion aliendelea kutafuna. Atupakisye aliinuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Kutoka ofisi ya ushirika walikuwa wamepokea mchele kilo kumi, sukari kilo mbili na karatasi za chooni.

"Inatosha," alisema Gidion. "Inatosha kabisa."

*

Jumatatu ya wiki ya kwanza walishuka shambani kuchuma. Wakati wa baridi chai huchipua polepole, unazunguka shamba mara moja kwa wiki mbili au tatu, na kila jani ni hesabu. Henrik alifungiwa kikapu mgongoni, akafurahi kama mtu aliyevishwa joho. Gidion alimwonyesha mara moja, taratibu: kidole gumba na cha shahada, majani mawili na ncha, unavunja, usivute. Henrik alitazama, akaitikia, akachuma vizuri kwa robo saa. Halafu akaona kikapu cha Gidion kimejaa kuliko chake.

Kosa lilianzia hapo. Henrik alikuwa mtu wa bidii, na aliamini kwamba bidii ni uzito. Alianza kukwanyua kwa mkono mzima, majani manne, matano, na vijiti vyake, na Margit kwenye mstari wa pili akamfuata. Saa sita vikapu vyao vilikuwa vimejaa na kushindiliwa. Henrik alikuwa na daftari dogo ambamo aliandika kilo za kila mmoja, kwa ajili ya barua za nyumbani.

Bibi Tusekile alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba, shuka kichwani. Alitazama kwa muda, kisha akaita kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Gwe Gidion! Huyu mzungu anakula chai kama mbuzi. Mwambie, anahalibu!"

"Mama, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Hasala ni ya nani?"

"Amesemaje Bibi?" aliuliza Henrik, akifuta jasho, uso umemng'aa.

"Anasema una nguvu," alisema Gidion.

Nani angesema vingine? Mahali hapa mgeni akishika jembe lako ameshakupa heshima, na mwenye nyumba hamrekebishi mgeni mara mbili. Umemwonyesha mara moja. Akikosea, unapita nyuma yake kimyakimya na kurekebisha. Ndivyo baba yake Gidion alivyofanya, na ndivyo angefanya mtu yeyote wa Masukulu mwenye malezi. Isipokuwa jani la chai likishavunjwa haliwezi kurekebishwa.

Kwenye banda la kununulia, saa tisa, Edward karani wa mizani aliingiza mkono kwenye gunia, akatoa konzi moja, akaitandaza juu ya meza. Alikuwa kijana kutoka Kinyala, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Walikuwepo wakulima kama thelathini wakisubiri.

"Mzee Gidion, hii ni chai au matandiko ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Gidion naye alicheka kidogo, maana ungefanyaje.

"Nina wageni," alisema kwa sauti ya chini.

"Kampuni hainunui wageni. Onyo la kwanza hili. Hebu weka sahihi."

*

Mzunguko wa pili Atupakisye alipata akili. Wageni walipopanda kwenda kuoga maji ya moto aliyowachemshia, alitandika mkeka nyuma ya jiko, akamwaga vikapu vyao, akaanza kuchambua. Alifanya haraka, maana chai iliyorundikwa huanza kuwaka joto yenyewe na kuungua. Laini kulia, ngumu kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa umefika magotini mwake, Margit alipotokea kwenye kona na taulo kichwani.

Alisimama. Alitazama rundo.

"Hiyo ni yetu?" aliuliza.

Atupakisye alisimama na majani mkononi. Alitaka kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mama, mnachuma vibaya, tutanyang'anywa kadi. Hayo tu. Lakini alimtazama yule mama, mtu mzima wa miaka sitini aliyevuka bahari, mikono yake imechanikachanika kwa matawi ya chai, na akashindwa.

"Unaitupa," Margit alisema. Akageuka, akaingia ndani, na kupitia ukuta wa mianzi Atupakisye akamsikia akilia, na mumewe akimbembeleza kwa lugha yao.

Gidion alikuja mbio kutoka kwenye migomba.

"Umemliza mgeni?"

"Sijamwambia hata neno!"

"Analia ndani ya nyumba yangu. Mgeni analia ndani ya nyumba yangu, mama Amoni!"

"Na kadi?"

"Rudisha majani kwenye gunia."

"Baba Amoni, nakuomba. Tumeshapewa onyo moja."

"Rudisha!"

Akarudisha. Alipiga magoti kwenye mkeka akayachanganya tena kwa mikono yake miwili, laini na ngumu, na kazi ya saa nzima ikaisha kwa dakika moja. Ndani, Gidion alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkewe alikuwa anatafuta pete iliyoanguka kwenye majani. Margit akatabasamu, akafuta macho, akauliza kama pete imepatikana.

Onyo la pili halikuwachekesha watu bandani. Walitazama pembeni.

*

Jumapili Gidion alimfuata Hosea ofisini baada ya ibada. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Katibu, naomba unisaidie. Uwape kazi nyingine. Wafundishe watoto Kiingereza, wapake rangi ofisi, chochote. Nisaidie mzunguko mmoja tu uliobaki."

Hosea alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya naye. Kanisa lilikuwa limekaa bila bati upande wa kaskazini tangu mvua kubwa za mwaka juzi, na fedha ya wageni ndiyo ilikuwa inaleta bati.

"Wameandika nyumbani kwao kwamba wanachuma chai, Gidion. Jana Mama Margit amenisomea barua. Ndugu zao wote wanasubiri picha za chai. Sasa mimi niwaambie waache?"

"Waambie wachume kidogo kidogo."

"Waambie wewe. Wewe ndiye mwenye nyumba."

"Siwezi."

"Basi hata mimi siwezi. Vumilia. Wiki mbili si nyingi, na wakiondoka na furaha wataleta wengine."

*

Mzunguko wa tatu ulikuwa siku nne kabla ya safari yao, na mara hii wageni walisema lazima wafike bandani wenyewe. Henrik alibeba gunia begani, akikataa kusaidiwa, Margit nyuma na kamera. Atupakisye hakwenda. Alisema anaumwa kichwa. Alikaa jikoni na Bibi Tusekile.

Edward aliingiza mkono. Hakufanya utani. Alitandaza konzi mezani, akatenganisha kwa kalamu, akahesabu, akarudia kuhesabu kwa sababu ya wazungu.

"Majani magumu," alisema. "Robo tatu ni majani magumu. Mzee, hii ni ya tatu."

Henrik alielewa kwamba mzigo umekataliwa. Tabasamu likamfutika. Aliinamia meza, akachukua jani moja pana, la nne kutoka nchani, akaligeuza. Alikuwa mtu wa haki.

"Baba Gidion," alisema polepole, "majani haya amechuma nani?"

Watu arobaini walikuwa wamesimama pale. Wote walijua. Edward alijua, akainua uso kumtazama Gidion, na macho yake kwa mara ya kwanza yalikuwa yakimsihi: sema, mzee, sema tu. Ilikuwa inatosha kunyoosha kidole. Mzungu angeomba radhi, karani angepata sababu, na meneja wa kiwanda asingeweza kukataa.

"Mimi," alisema Gidion.

"Wewe?"

"Mimi. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Naona jani gumu nadhani ni laini."

Edward alibaki ameshika kalamu. Kisha akanyoosha mkono, na Gidion akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni aliokuwa akiihifadhia, akaifuta kwenye koti, akampa. Margit hakupiga picha. Alimshika mkono Gidion njia nzima ya kurudi, kama anavyoshikwa kipofu, na pale penye mawe alimwambia, "Hapa kuna jiwe."

*

Kesho yake wageni walisema hawawezi kuondoka hivi hivi. Waliazima gari la ushirika wakaenda na Gidion hadi kiwandani kumwona meneja. Askari wa getini, ambaye alifanya kazi na Gidion miaka tisa, aliwafungulia wazungu na kumwambia Gidion, bila kumwangalia, "Kaka, wewe ngoja hapa. Ni amri." Gidion alisubiri chini ya mvua ya manyunyu kwa muda wa karibu saa mbili. Alisikia mashine za ndani zikivuma, akazijua moja moja.

Walitoka na meneja akiwasindikiza, wanapeana mikono. Kila mmoja alikuwa na pakiti ya chai ya zawadi.

"Tumezungumza vizuri sana," Henrik alisema garini. "Ni mtu anayesikia. Alisema mara nyingine kadi inarudishwa, kama mkulima alikuwa na mgonjwa, au kama vibarua walikosea."

"Ndiyo," alisema Gidion, akamgeukia.

"Lakini sisi hatukusema uongo. Tulimwambia ukweli wote. Kwamba wewe ni mzee wa heshima, unafanya kazi kwa bidii, lakini macho yako hayaoni. Alisikitika sana. Alisema mtu asiyeona jani hawezi kurudishiwa kadi, si mwaka huu wala mwaka ujao, maana atapata hasara bure kila siku. Alisema ni bora upumzike. Kwa kweli, Baba Gidion, tulifikiri, ana haki."

Margit alikuwa akitafuta kitu mkobani. Alitoa miwani yake ya akiba, yenye fremu nyekundu, akamvika Gidion kwa mikono yake mwenyewe.

"Unaona sasa?" aliuliza.

Barabara yote iligeuka ukungu. Gidion hakuona hata dereva.

"Naona," alisema. "Ndaga fijo, mama. Naona vizuri sana."

*

Waliagwa kwa wimbo na jogoo. Jioni ile Gidion alimwambia mkewe alichosema bandani, maana hakutaka aambiwe na watu. Atupakisye aliendelea kukuna masizi kwenye sufuria.

"Ulimficha mgeni aibu," alisema mwishowe. "Mimi je? Mimi aibu yangu nani ataificha?"

Mwezi wa tisa Atupakisye alikwenda kuomba kibarua cha kuchuma kwenye shamba kubwa la kampuni. Alikuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri, akirudi jioni na miguu imevimba. Alisifiwa: majani mawili na ncha, hakuna wa kumfikia. Fedha haikutosha vidonge vya mwezi mzima, kwa hiyo Bibi Tusekile akawa anameza siku moja na kuruka siku moja, na mwezi wa kumi na mbili, akiwa anaosha uso, alianguka, upande mmoja wa mwili umepooza. Walimpeleka hospitali Makandana akiwa kwenye machela ya mianzi. Alikaa siku tano. Alizikwa nyuma ya migomba, na watu walikuwa wengi.

Chai ya mteremkoni haikuguswa. Ilipanda, ikampita mtu kiunoni, ikampita kifuani, ikatoa maua.

*

Barua ilifika mwezi wa tatu. Hosea aliileta mwenyewe, akakaa kwenye kigoda nje, akaisoma kwa sauti. Margit aliandika kwamba walionyesha picha zao kwenye shule mbili, kanisani na kwa majirani, na wote waliguswa na ukarimu wa nyumba ile. Marafiki zao wanane walitaka kuja mwezi wa saba, kuishi maisha yaleyale na kuchuma chai ya Baba Gidion. Waliuliza pia Bibi Tusekile anaendeleaje na kikohozi.

"Wanane," alisema Hosea, akikunja barua. "Unaelewa maana yake?"

"Katibu, kadi sina. Yale majani hakuna wa kuyanunua."

"Nimelifikiria hilo." Hosea alisogeza kigoda. "Hawa watu hawaji kuuza, Gidion. Wanakuja kuchuma. Wakishachuma wamemaliza. Wewe utalipwa kwa kila kichwa kwa siku, safari hii nitahakikisha unalipwa mkononi. Majani mtayamwaga huko bondeni wakishapanda kuoga. Nani atajua?"

Gidion alitazama mikono yake. Mlangoni Atupakisye alikuwa amesimama na kikapu cha kibarua, bado hajakivua mgongoni. Alikuwa amesikia yote. Alitamani mumewe acheke, amfukuze yule mtu, apige hata kigoda teke. Angemsamehe mambo mengi siku ile kama angepiga tu kile kigoda teke.

"Kwa kila kichwa kiasi gani?" aliuliza Gidion.

Hosea akataja. Kilizidi alichokuwa akilipwa na kampuni kwa mwezi mzima wa mavuno.

Atupakisye alivua kikapu, akakiweka chini. "Nitawapikia," alisema. "Nitawachemshia maji, nitalala jikoni. Lakini bondeni sitakwenda. Utamwaga mwenyewe."

Kesho yake Gidion alinoa panga. Alishuka mteremkoni peke yake, akasimama kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuikata chai kwa usawa wa kiuno, ili hadi mwezi wa saba iwe imechipua, na wageni wapate cha kuchuma.